Miezi Sita Mkononi: Kodi ya Nyumba katika Mji wa Dhahabu



Msomi akipewa jukwaa huanza kwa kufafanua istilahi. Mimi ninalo neno moja tu la kufafanua, nalo ni kodi. Anachodai mwenye nyumba ni kodi; anachodai Mamlaka ya Mapato nacho ni kodi. Mtu akikuambia pale soko la Sango, hapa Kahama, kwamba anadaiwa kodi, huna budi kumuuliza na nani. Wanasheria wametuletea neno "pango" ili watutenganishie mambo hayo mawili, lakini sijamsikia mama mwenye nyumba yeyote wa mji huu akigonga mlango na kusema amefuata pango lake. Nami leo nitasema kodi kama wanavyosema mitaani, kwa sababu kwa mpangaji wa chumba kimoja kodi zote mbili hutoka mfuko mmoja, na siku hizi zimekutana hadi ukutani, kwenye mita ya umeme.

Tuanzie hapo kwenye mita. Nyumba zenyewe mnazijua: korido katikati, vyumba vitatu kila upande, uani choo na bomba, na mita moja ya LUKU kwa wote. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye umeme. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500. Fedha hiyo hukatwa pale umeme unaponunuliwa mara ya kwanza katika mwezi. Sasa fikirini wenyewe kinachotokea tarehe mosi. Hakuna anayetaka kuwa wa kwanza. Nimeshawahi kukuta nyumba Malunga iko gizani jioni ya pili, watu wazima wa kaya sita wamekaa barazani wanamulikana kwa tochi za simu, kila mmoja anasingizia kwamba mtandao unasumbua. Aliyeshindwa kuvumilia ni fundi cherehani wa chumba cha mbele, maana alikuwa na sare za watoto wa shule za kumaliza. Akanunua umeme wa shilingi 5,000, akapata wa 3,500, halafu akachukua chaki yake ya kukatia nguo akaandika juu ya mlango wake: 1,500, na mwezi.

Kwa sheria, kodi ya majengo ni ya mwenye jengo. Serikali ilisema hivyo tangu mwanzo, ikawaambia wapangaji waelewane na wenye nyumba ili warudishiwe. Nilimuuliza yule fundi kwa nini asimkate mama mwenye nyumba kwenye kodi ya mwezi. Akaniangalia kama mtu aliyeshuka Isaka jana. "Mwalimu, ni mwezi gani? Mimi nimelipa hadi Desemba."

Jibu hilo ndilo lililonileta mbele yenu leo. Katika mji huu, kama ilivyo katika miji mingi ya Tanzania, kodi ya mwezi ipo mdomoni tu. Mkononi inalipwa ya miezi sita, na kwa baadhi ya nyumba, ya mwaka mzima. Mpangaji aliyekwisha kutoa fedha ya nusu mwaka hana tena cha kushikilia. Paa likivuja, atasubiri. Choo kikijaa, atachanga. Akikatwa kodi ya majengo isiyo yake, ataandika kwa chaki.

Tupige hesabu, na hii ni hesabu ya mfano tu. Chukua chumba cha shilingi 40,000 kwa mwezi. Miezi sita ni 240,000. Dalali anataka ya mwezi mmoja, 40,000. Hapo ni 280,000 kabla hujanunua godoro wala kitasa kipya, na kitasa lazima ubadilishe kwa sababu hujui nani ana funguo. Amri ya kima cha chini cha mshahara iliyoanza Januari 2023 ilimpa mfanyakazi wa biashara na viwanda shilingi 150,000 kwa mwezi. Huyu mtu 40,000 ya mwezi anaiweza, kwa kujibana. Kinachomshinda ni kuingia. Ili aingie, atacheza upatu, atawaomba wana vikoba, na asipopata huko ataenda kwa wale wakopeshaji ambao mitaa imewapa jina la kausha damu. Atakapomaliza kuwalipa, chumba cha 40,000 kitakuwa kimemgharimu zaidi ya hapo, na ziada hiyo mwenye nyumba hakuiona.

Ninasema hivi kwa sababu kila inapozungumzwa habari ya kodi za nyumba, macho hukimbilia bei. Wapangaji wanataka Serikali ipange bei, wenye nyumba wanataka soko liachwe lipange lenyewe. Ugomvi huo una umri mrefu kuliko Uhuru, na naomba mnivumilie niupitie haraka.

Mkoloni alianza kudhibiti kodi za nyumba Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Pili, na baada ya Uhuru tukaendelea na udhibiti huo kwa sheria zetu. Mwaka 1962 tukaunda Shirika la Nyumba la Taifa. Mwaka 1967 Azimio la Arusha likamkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, likaliweka jambo hilo kapu moja na hisa za makampuni na mishahara miwili. Aprili 1971 yakataifishwa majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye mwaka 1990 aliunganishwa na Shirika. Kati ya hapo ikaja Sheria Namba 17 ya mwaka 1984, iliyoweka mabaraza ya nyumba na kupima kodi halali kwa gharama ya ujenzi. Ilikuwa sheria yenye nia njema. Kwenye maghorofa ya umma kodi ikawa ndogo kiasi kwamba haikutosha kupaka rangi, na aliyekuwa ndani hakutoka. Akitoka, alimwachia mwingine kwa kilemba. Vijana wa leo hawalijui neno kilemba kwa maana hiyo. Waulizeni wazee waliokaa Dar es Salaam au Arusha miaka ya themanini. Ilikuwa fedha ya kuingilia, inalipwa pembeni, bila risiti, kwa mtu ambaye nyumba si yake.

Mwaka 2005 Bunge likaifuta sheria hiyo. Mabaraza yakaondoka, kipimo cha kodi kikaondoka, na Shirika likaruhusiwa kufanya biashara. Sikatai kwamba sheria ya 1984 ilistahili kufutwa. Tatizo langu ni kwamba ilifutwa yote, pamoja na yale machache yaliyokuwa na manufaa: notisi, mahali pa kushitaki, na wazo kwamba mpangaji ana haki fulani hata kama hana hati. Mahali pake hapakuwekwa sheria nyingine ya wapangaji. Mawaziri wa Ardhi wametangaza zaidi ya mara moja kwamba kudai kodi ya miezi sita au mwaka kutapigwa marufuku. Tumesikia, tumepiga makofi, na fundi wangu amelipa hadi Desemba.

Majirani zetu wanatufundisha upande mwingine wa jambo hili. Kenya hawakufuta. Sheria yao ya kudhibiti kodi ingali inawalinda wapangaji wa nyumba zisizozidi shilingi 2,500 za Kenya kwa mwezi, kiwango kilichowekwa miaka ya themanini. Leo itafute Nairobi nyumba ya bei hiyo. Sheria ipo, inavuta pumzi, ila nyumba zake zimekufa zikaiacha. Na kwa wakubwa, Uingereza iliamua kuanzia 2016 kwamba kodi za nyumba za jamii zipunguzwe kwa asilimia moja kila mwaka kwa miaka minne. Wapangaji walinufaika, na halmashauri na mashirika ya nyumba yakalalamika kwamba fedha ya ukarabati na ya kujenga nyumba mpya imepungua. Ukiigusa bei peke yake, kuna mahali itabonyea.

Turudi nyumbani. Nyumba za umma za kodi nafuu, kwa Kahama, ni hadithi ya miji mingine. Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua nyumba za Magomeni Kota, Dar es Salaam, kwa kaya 644 ambazo nyumba zao za zamani zilibomolewa miaka kumi hivi kabla, na ambazo Rais Magufuli alizikuta zikisubiri, akaahidi kwamba zitakaa miaka mitano bila kulipa kodi. Nawapongeza wale wazee. Walisubiri vya kutosha. Lakini kaya 644 ni mtaa. Kwa upande wetu wa Kanda ya Ziwa, Shirika limejenga nyumba za gharama nafuu Bombambili, Geita, na hizo zilijengwa kwa ajili ya kuuzwa. Nyumba ya kuuzwa, hata iitwe nafuu namna gani, haimhusu mtu anayetafuta 280,000 ya kuingia chumba kimoja.

Nani basi anawapa makazi watu wa kipato cha chini Kahama? Ni mama mwenye nyumba. Ni yule mjane wa Nyihogo aliyenipangisha mimi mwenyewe nilipofika mjini hapa nikiwa kijana. Nyumba yake ilikuwa na vyumba vinne vilivyoezekwa na viwili visivyo na paa, ndani ya viwili hivyo kuna mipapai. Nilipomhesabia kodi yangu ya miezi sita, aliweka daftari pembeni, akamwita mwanawe, akampa fedha ile ile, bado ina joto la mfuko wangu, akamtuma bati. Kabla ya mwezi kwisha mpapai mmoja ulikatwa, chumba cha tano kikapata paa, na mpangaji wa chumba cha tano akaezeka cha sita. Nilichukua miaka mingi kuelewa nilichokiona. Mimi na mwenzangu wa chumba cha tano tulikuwa tumemkopesha yule mama fedha ya ujenzi, bila riba, bila dhamana na bila kujua.

Angeenda wapi kwingine? Tulikuwa na Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973, ilikufa 1995. Mikopo ya nyumba iliyopo leo kwenye mabenki yote ya nchi haifiki hata asilimia moja ya pato la taifa, na riba yake imekuwa ikicheza kati ya asilimia 15 na 19. Benki inataka hati, mshahara wa kudumu na michoro. Mama wa Nyihogo alikuwa na mafungu ya tofali na barua ya serikali ya mtaa. Kwa hiyo wapangaji wa vyumba, watu wenye fedha kidogo kuliko wote mjini, ndio wamekuwa benki ya nyumba ya Tanzania tangu ile ya Serikali ilipofungwa. Kodi ya miezi sita ni jina tu. Ndani yake kuna kodi ya mwezi mmoja na mkopo wa miezi mitano.

Ukiitazama hivyo, utaona kwa nini tamko la waziri haliwezi kutosha. Ukipiga marufuku miezi sita leo, bila kumpa yule mama mahali pengine pa kupata bati, atafanya moja kati ya mawili: ataacha kujenga, au atachukua ile ile fedha kwa jina lingine na bila risiti. Kilemba kitafufuka, safari hii kwenye nyumba za tofali za kuchoma.

Upo ugumu mwingine ambao ni wa kwetu zaidi, na wenye nyumba waliopo hapa wangeninyima mkono nikiondoka bila kuutaja. Huu ni mji wa dhahabu. Sensa ya 2012 ilikuta wakazi wapatao 242,000 katika halmashauri yetu ya mji. Ile ya 2022, tukiwa tayari manispaa, ilikuta zaidi ya 450,000. Hawa hawakuja wote kwa mgodi, wala hawakai wote. Ikisikika rashi ya dhahabu huko Msalala au Geita, mpangaji anafunga mlango kwa kufuli lake usiku, anapanda pikipiki, anaondoka kwenda kukaa kwenye maturubai pembeni ya duara la wachimbaji. Kodi yake ikiisha yeye hayupo, simu haipatikani, na chumba kina kufuli na godoro la mtu. Mama mwenye nyumba hawezi kuvunja bila mjumbe na mwenyekiti wa mtaa, na mwenyekiti naye anaogopa kuambiwa ndani kulikuwa na gramu kadhaa za dhahabu. Akienda kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lililoundwa kwa sheria ya 2002 kwa migogoro mikubwa na midogo pamoja, atapanga foleni nyuma ya watu wanaogombea mashamba ya urithi. Mabaraza ya kata nayo, tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, yanasuluhisha tu, hayaamui. Miezi sita mkononi ni kinga ya mama mwenye nyumba dhidi ya kufuli hilo.

Wapo wanaoona kwamba mgodi wenyewe ndio ungejenga nyumba, nao huukumbuka mji wa almasi wa Mwadui kwa upendo, nami ninawaelewa. Almasi ilipogunduliwa, Williamson alijenga mji mzima: nyumba, shule, hospitali, mitaa iliyofagiwa. Mfanyakazi wa Mwadui hakuwa na habari ya dalali. Lakini nyumba ile ilikuwa sehemu ya kazi. Kazi ikiisha, na nyumba imeisha. Buzwagi, mgodi wetu wa dhahabu, ilipita njia nyingine. Ilianza uzalishaji mwaka 2009, ikafungwa 2021, na kwa miaka hiyo mgodi uliokuwa kilomita chache tu kutoka hapa ulipandisha kodi za nyumba nzima nzima zenye uzio na geti. Mgodi ulipofungwa, mageti hayo ndiyo yaliyobandikwa vibao vya "inapangishwa". Vyumba vya korido sikuona vikishuka. Mpunga wa Kagongwa haukufungwa, malori ya Rwanda na Burundi hayakuacha kupita Isaka, na wachimbaji wadogo hawajui kitu kinaitwa kufunga mgodi. Bei ilikuja na mgodi kwa wote, ikaondoka kwa wachache. Sasa eneo la Buzwagi linatengwa kwa viwanda, na kinu cha kusafishia madini, ikiwamo nikeli ya Kabanga, kimeshapewa leseni mwaka 2024. Wimbi lingine linakuja, na madalali wa pale Phantom wanalijua kabla yetu.

Ninapendekeza nini? Kwanza, tumtambue mama mwenye nyumba wa vyumba sita kuwa ndiye shirika la nyumba la watu wa kipato cha chini, na tumtendee hivyo. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: wanawake, vijana, watu wenye ulemavu. Kuna mikopo ya kuku, ya bodaboda, ya kukoboa mpunga. Sioni kwa nini kundi la wajane watano wenye nyumba za vyumba lisipate mkopo wa bati, choo na mita ndogo kwa kila mlango, kwa sharti moja la kuandikiana: kwa muda wa mkopo, kodi italipwa kwa mwezi, au isizidi miezi mitatu. Hapo Serikali haijapanga bei ya mtu. Imechukua mzigo wa benki kutoka kwa fundi cherehani, ikaubeba yenyewe, mahali unapostahili.

Wengine watasema halmashauri itapoteza fedha. Inawezekana. Mikopo hiyo imeshapotea kwa vikundi hewa hadi Serikali ikaisimamisha mwaka 2023 ili ipangwe upya. Lakini nyumba, tofauti na kikundi hewa, haihami usiku.

Jambo la pili ni kufuli. Dhamana ya mwezi mmoja, itunzwe kwa utaratibu unaojulikana ofisi ya mtaa, na muda maalumu ambao ukipita mlango unafunguliwa mbele ya mashahidi na vitu vinaorodheshwa. Sheria ya Bunge ndiyo ingekuwa dawa kamili, yenye chombo cha kuamua migogoro ya vyumba kwa siku, maana anayedaiana na mwenzake 80,000 hawezi kusubiri kalenda ya shauri la shamba. Naamini itakuja. Ila sheria ndogo za manispaa nazo zinahitaji kibali cha Waziri, na mimi sitaki niwaache na jambo ambalo lazima lisafiri hadi Dodoma kwanza.

Kwa hiyo waheshimiwa madiwani, ombi langu kwenu ni karatasi moja. Mkataba wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili cha kawaida, unaopatikana bure ofisi ya kila mtaa. Uandike jina la mwenye nyumba na la mpangaji. Kodi ya mwezi ni kiasi gani na imelipwa ya miezi mingapi. Nani anatengeneza paa na nani anazibua choo. Notisi ni ya siku ngapi. Na mstari mmoja unaosema kwamba kodi ya majengo iliyokatwa kwenye LUKU itapunguzwa kwenye malipo yanayofuata. Mwenyekiti wa mtaa atie mhuri, abaki na nakala. Hakuna atakayelazimishwa kuutumia, na hakuna sheria ya nchi inayoukataza. Mashine ya fotokopi ipo, mihuri ipo, na kikao cha baraza lenu hukaa kila robo mwaka. Naomba uwekwe kwenye ajenda ya kikao kijacho.